Presi ya Risasi Waliyonichagulia

Watu wawili walinichagulia mashine ya kujazia risasi, na hakuna hata mmoja aliyenisubiri nimalize sentensi. Wa kwanza alikuwa bwana wangu. Wa pili alikuwa muuzaji wa duka la silaha, mzungu mwenye sharubu zilizochanwa vizuri, aliyenipa mkono huku macho yake yameshaenda kwa bwana wangu. Mwenye kibali cha silaha nilikuwa mimi. Mwenye bastola nilikuwa mimi. Mwenye bega bovu, ambalo ndilo lililotupeleka pale dukani, nilikuwa mimi vilevile. Lakini mazungumzo yalikuwa yao.

Nianze na bega, maana ndilo chanzo. Ilikuwa karibu na mwaka wa 2011, na nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Uccle, pembeni mwa Brussels: kuosha, kuvalisha, kugeuza watu kitandani. Mzee akiwa amelala unamwona mwepesi kama kuku, subiri umnyanyue. Miaka saba ya kuwanyanyua ilinimaliza bega la kulia. Nikipika ugali, nilikuwa nasonga kwa mkono wa kushoto, na ugali wa mkono wa kushoto kila mtu nyumbani, bwana na watoto, aliujua na kuulalamikia.

Nje ya kazi nilikuwa na jambo langu moja tu. Kila Jumatano mchana nilikwenda kwenye klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya mji, nikapiga risasi hamsini kwenye karatasi, nikarudi nyumbani. Basi. Sikumdhuru mtu, sikumdhuru ndege. Lakini ungesikia maneno yaliyosemwa kanisani, ungedhani nimefungua baa. Wewe mtu wa Bukavu, uliyekimbia risasi, unaenda kuzitafuta tena kwa hiari yako? Niliulizwa hivyo na watu ambao wenyewe, mtoto akipasua puto kwenye sherehe ya ubatizo, wanashika vifua.

Nami, kabla ya klabu, nilikuwa mwoga kuliko wao. Nilikimbia Kivu nikiwa msichana, na nilipofika Brussels mwili ulifika, masikio yakabaki kule. Mlango ukibamizwa na upepo, niko chini. Vijana wakirusha fataki mtaani, niko chini. Siku moja katika saluni ya Matonge, mtaa wa Wakongo, nywele zangu zimesukwa nusu, mtu aliangusha kreti ya bia mlangoni, na nilipopata fahamu nilikuwa chini ya kiti, chanuo limening'inia kichwani. Watu wote walicheka. Nami nikacheka, maana ungefanya nini? Nyumbani nilijifungia chooni nikalia kwa hasira. Si kwa huzuni. Kwa hasira.

Kwa hiyo muuguzi mmoja wa pale kazini, mama wa kizungu aliyekuwa karibu kustaafu, aliponialika klabuni kwake siku ya akina mama, nilikwenda kwa adabu tu. Mwalimu wa pale, mzee mwenye vifaa vya kusikilizia kwenye masikio yote mawili, alisimama nyuma yangu akaniambia nivute pumzi, nifyatue nitakapokuwa tayari. Nilivuta pumzi mara kumi. Halafu nikafyatua. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ule mlio ulitoka pale nilipotaka mimi utoke. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Baada ya miezi kadhaa, bwana wangu ndiye aliyegundua. Mlango wa jikoni ulijibamiza, pa, na mimi nikaendelea kukoroga sombe, majani yetu ya muhogo. Alisimama akaniangalia, akatoka. Hilo ndilo nililokuwa nalo. Sikuwa tayari kulipoteza na kurudi chini ya kiti cha saluni.

Daktari akasema bega likiendelea hivyo, niache. Mwalimu wa klabu akasema hapana. Risasi za dukani, alisema, zimejazwa kwa nguvu. Ukijaza zako mwenyewe kwa kiasi kidogo kilichoandikwa vitabuni kwa ajili ya shabaha, zitakupiga kwa upole, na karatasi haijali. Yeye mwenyewe alijaza zake miaka mingi. Akanionyesha presi yake, maana ndivyo wanavyoiita: chuma kimoja kizito kilichofungwa kwenye meza kwa boliti, chenye mkono mmoja wa kushusha na kupandisha. Ganda moja tupu la risasi linaingia, linafanyiwa kazi moja, linatoka. Ukimaliza kazi hiyo kwa maganda yote hamsini, unaanza kazi ya pili. Niliipenda palepale. Ilikuwa kama kinu: unajua mchi uko wapi na unajua ndani kuna nini.

"Nunua ya namna hii," aliniambia. "Ya polepole."

Sasa bwana wangu. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha magari, palepale Forest tulipokuwa tunakaa, na kitu chochote chenye boliti alikihesabu kuwa ni chake. Nilipomwambia naenda kununua presi, akavaa koti.

"Mimi niko mutu wa machine," akasema. "Hauwezi kwenda kule peke yako, watakudanganya."

Tulipofika dukani, ile presi ya polepole ilikuwa rafuni, bei yake nzuri, na nikaionyesha kwa kidole. Bwana wangu hakuitazama mara mbili. Alikuwa ameona nyingine, kubwa, yenye sahani ya chuma inayozunguka na matundu matano. Unashusha mkono mara moja, ganda hili linapata fataki, kile kiwashio cha chini, lile linapata baruti, lile linawekewa kichwa, na risasi iliyokamilika inaangukia kwenye kikapu. Kila ukishusha, moja inaanguka.

"Bon, angalia hii," akaniambia, na uso wake umeng'aa, maana ilifanana na mstari wa kiwandani kwake. "Ni chaîne ya usine yetu kabisa, lakini kadogo. Donc, ile yako ya moja-moja, utamaliza lini? Mwaka ya kesho?"

"Sina haraka," nikasema. "Mwalimu alisema..."

"Monsieur anajua mashine," muuzaji akasema, akitabasamu kwa bwana wangu. Kisha akauliza maswali yake, na ninayakumbuka yote. Monsieur anapiga risasi ngapi kwa mwezi? Bastola ya aina gani? Meza ya nyumbani ni imara? Monsieur akajibu, yeye ambaye hajawahi kushika bastola siku moja. Nikasema, "Mwenye kibali ni mimi." Muuzaji akasema, "Bien sûr, Madame," akaendelea kumweleza bwana wangu jinsi ya kupaka mafuta.

Hakuna aliyeuliza swali moja lililokuwa na maana: kwenu nani anaingia, na anaingia saa ngapi?

Mashine ya nyumbani unaichagua kwa kuitazama nyumba. Kiwandani kwa bwana wangu hakuna anayeacha mstari ukienda ili akamsalimie shemeji yake. Kwetu ni nini kingine tunachofanya? Tulikaa ghorofa ya pili, na kengele ya mlango ule ilikuwa haipoi. Jumamosi wanakuja watu wa kwaya. Wanakuja binamu wa bwana wangu kutoka Liège, wamepita tu. Anakuja mtu aliyetoka Matonge na makayabu, samaki wa chumvi, kwenye mfuko, anasema nimewaza nikuletee. Na hawapigi simu. Kwetu anayepiga simu kabla ya kuja ni mtu mwenye msiba, au mtu ambaye Ulaya imeshamharibu. Mtu mzima anakuja tu, na wewe unafungua, na ukifungua hujasalimu bado. Kuna kiti, kuna maji, kuna chai, kuna habari za Bukavu: nani amezaa, nani amezikwa, nani amejenga. Haya yote nilikuwa nayajua, na bado nilitoka dukani nyuma ya bwana wangu aliyebeba sanduku kifuani kama mtoto mchanga.

Tuliifunga kwenye meza ya chumba kidogo cha nyuma, na Jumamosi nikakaa nayo. Nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Shusha, pandisha, moja imeanguka. Shusha, pandisha. Nilikuwa nimefika katikati ya kisanduku, saa nane na nusu mchana, kengele ikalia.

Alikuwa shangazi wa bwana wangu, mama wa miaka sabini na kitu, magoti mabovu, aliyepanda ngazi zote zile na pondu, sombe ileile, kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Yeye ndiye aliyesimamia ndoa yetu. Niliuacha mkono wa presi pale ulipokuwa, nikaenda kufungua. Nikamkalisha. Nikampa maji. Nikamsikiliza. Akaniuliza habari za bega, akanishika pale penye maumivu, akanielekeza mafuta ya kusugua. Zilipita dakika arobaini. Alipoanza kusinzia kwenye kochi nikarudi chumbani.

Mkono wa presi ulikuwa umesimama nusu, si juu si chini. Sahani ilikuwa imesimama. Nikaiangalia. Je, hili ganda lilishapata baruti? Na hili? Kiasi tunachotumia kwa shabaha ni kidogo sana, kiko chini kabisa ya ganda, huwezi kukiona kwa kuchungulia tu juu ya mashine ile. Nikajiambia, ilishapata. Nikajiambia vilevile, kama haikupata, nitajua. Nilikuwa nasikia shangazi anakohoa sebuleni, na nikaona aibu kumwacha peke yake muda mrefu. Basi nikaizungusha sahani kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo, nikaushusha mkono, nikaendelea.

Hapo ndipo nachemka mpaka leo. Mwanamke mzima, asiyelala kabla ya kukagua gesi mara tatu, ameshika baruti mkononi, na anafanya haraka kwa sababu ya kuona aibu.

Jumatano nikaenda klabuni. Risasi ya kwanza ikatoka vizuri, laini, bega halikusema kitu. Nikafurahi. Ya pili vilevile. Ya tatu ikasema puf.

Mimi ni mtoto wa Kivu. Tukiwa wadogo tulikuwa tunalala chini ya vitanda tukiambiana kwa mlio hii ni silaha gani na iko kilima gani. Sikuwahi kuishukuru elimu hiyo. Lakini sauti ile haikuwa sauti ya kitu chochote ninachokijua, na kidole changu kikatoka kwenye kifyatulio kabla akili haijafika. Nikaweka bastola chini, mtutu ukielekea mbele, nikainua mkono kumwita mwalimu.

Alikuja, akaichukua, akatoa risasi zilizobaki ndani yake. Kisha akaingiza ufito mwembamba mtutuni, nao ukafika katikati ukagota. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama humo. Ganda lile halikuwa na baruti hata chembe. Fataki peke yake ndiyo iliyokisukuma mpaka pale kikachoka.

"Ungefyatua inayofuata," mwalimu akasema, na badala ya kumaliza akaweka viganja vyake pamoja mbele ya uso wangu, akavifungua ghafla.

Tulikaa pembeni tukazifungua zote zilizobaki, moja moja, tukapima baruti kwenye mizani yake ndogo. Alianza na zile alizozitoa ndani ya bastola. Ile ambayo ingefuata, ile ambayo kidole changu kilikuwa kinaiendea, ilikuwa na baruti mara mbili.

Na yule mzee, aliyekuwa na haki ya kunifokea, aliniuliza kwa upole tu: "Nani alikuita ukiwa unajaza?"

"Mgeni."

"Mgeni," akarudia, hakuelewa. "Basi si ungeacha kufungua?"

Hasira iliyonipanda. Alisema jambo la kweli kabisa, na nilitamani kumtukana. Usifungue, anasema, kama anamwambia mtu asile sukari. Tulipokimbia, mimi na mama yangu na wadogo zangu, tulibisha mlango wa watu wasiotujua, mchana kweupe, barabara imejaa askari, na mlango ulifunguliwa. Haukufunguliwa kidogo ili tuulizwe nyinyi ni akina nani. Ulifunguliwa. Na leo mtu ananiambia mimi, acha kufungua. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka bila kumuaga vizuri, na ndani ya tramu nilikuwa bado namjibu.

Siku ya pili nikapeleka ile presi dukani, peke yangu. Muuzaji akauliza, Monsieur hakuipenda? Nikamwambia Monsieur yuko kazini, na sasa utaongea na mimi, na utanitazama. Akanitazama. Nikamwambia nataka ile ya moja-moja.

"Lakini hiyo ni ya polepole zaidi, Madame."

"Nataka mashine ambayo nikiiacha, nikirudi naona nilipoishia. Nataka niweke maganda yote hamsini kwenye ubao, yasimame kama watoto wa shule, niyamulike kwa tochi, nione baruti ndani ya kila moja iko sawa na ya jirani yake, kabla ya kuweka kichwa hata kimoja. Unayo au huna?"

Alikuwa nayo. Alinifungia sanduku, na nilipotoka alinifungulia mlango.

Lakini hata presi ile ilikuwa na dakika zake, zile za kumimina baruti, ambazo hazitaki mtu. Nikamwambia bwana wangu awajulishe watu: Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi asije mtu. Akasema ndiyo. Hakumwambia yeyote, aliona haya. Basi Jumamosi, saa nane na nusu, maganda hamsini mbele yangu, kijiko cha baruti mkononi, kengele ikalia. Ikalia tena. Sikufungua. Wala sikujibu. Nilikaa nyumbani kwangu kama mwizi, nimezuia pumzi, mpaka niliposikia zile hatua za magoti mabovu zikishuka ngazi, moja, kupumzika, moja, kupumzika.

Nikaweka kijiko, nikaenda kuchungulia dirisha la sebule, naye, kutoka barabarani, akainua kichwa akaniona.

Jumapili baada ya kanisa kikao kikakaa sebuleni kwetu. Kikao chenyewe kilikuwa shangazi kwenye kochi, bwana wangu kwenye kiti, na mimi nimesimama, maana mshitakiwa hakai.

"Mimi, kunifungia mulango," shangazi akasema. "Mimi niliyesimama kwa ndoa yako. Hata Wabeleji ya chini wananifungulia. Kwetu tunasema nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Maman," nikasema, "mwenyeji alikaribia kutopona."

Nikawaeleza. Kengele ya Jumamosi ile, mkono wa presi uliobaki nusu, puf, ufito uliogota, mizani. Nilipofika kwenye ile risasi ya mara mbili bwana wangu alifunika uso. Sikuwa nimemwambia. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa.

"Donc, uache. Tuuze machine, tuuze bastola. Ni mchezo tu. Usikufe juu ya mchezo."

"Mchezo," nikasema, na sauti yangu ilipanda mbele ya mkwe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Nani alikuwa ananitoa chini ya meza kila mwaka mpya? Si wewe? Mara ya mwisho umenitoa lini? Nikiacha, nitarudi huko, na wewe utarudi kunivuta kwa mkono mbele ya watoto. Mlinichagulia mashine, sasa mnanichagulia na woga? Siachi."

Bwana wangu alisimama akaenda jikoni kutengeneza chai, na hapo nikageuka nikamwambia shangazi neno ambalo mkwe hamwambii mkwe.

"Na kama ingepasuka, Maman, ingepasuka sababu nilikuja kukufungulia wewe."

Nilidhani atachukua koti lake. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Mimi nilikuja, ndiyo," akasema. "Nilikuwa na pondu. Sikuwa na mutu anakufa. Nilikuuliza unafanya nini kule nyuma? Ulinijibu, hakuna kitu, Maman, ikala kwa kochi. Mbona hukuniambia ngoja?"

Miaka yote ile nilikuwa nimewakasirikia walioniita: wazee wa Uccle na kengele zao, kwaya, binamu, bwana wangu na koti lake la kwenda dukani, muuzaji na sharubu zake. Nilitafuta siku moja, moja tu, ambayo nilimwambia mmoja wao neno lile. Sikuipata. Na jana, baruti mkononi, nilikuwa nimeona ni heri nijifiche kuliko kulisema.

"Basi sema," shangazi akasema.

"Niseme nini?"

"Ngoja. Sema sasa, nisikie."

"Ngoja, Maman," nikasema, na ikatoka kama mtu anayeomba msamaha.

"Aa-a. Kwa ngoja hiyo hata kuku haiwezi kusimama. Sema tena."

Nikasema tena. Sikumwangalia, niliangalia ukuta, na nilitia ndani yake kila kitu nilichokuwa nacho, mpaka bega likauma. Bwana wangu, aliyekuwa anaingia na sinia la chai, alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Alinitazama mimi, akamtazama shangazi yake, vikombe vikigongana mikononi mwake. Na akangoja.